Kwaresima Pamoja na Wakatekumeni

(Maneno ya katekista mmoja kwa Wakristu na walimu, mkutanoni mwa jubilei)



Tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya Kwaresima, jinsi iwezavyo kuikuza imani yetu katika mwaka huu wa jubilei. Wengine wamekwisha kusema juu ya Mapadri wa kwanza, na juu ya makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Sisi tutasema juu ya watu wanaoketi nyuma kanisani, ndio wakatekumeni, maana bila wao Kwaresima haieleweki vizuri.

Wakristu wengi wakiulizwa Kwaresima ni nini, hujibu mara moja: ni siku 40 za kufunga na kutubu. Jibu hilo ni la kweli. Musa alikaa mlimani Sinai siku 40. Eliya alikwenda siku 40 mpaka mlima wa Horebu. Na Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alifunga siku 40 jangwani kabla ya kuanza kufundisha. Tena mwenye kuhesabu tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ataona siku 46. Akiziondoa Dominika sita, ambazo si siku za kufunga, zabaki 40 kamili. Lakini jibu lile ni nusu tu. Nusu ya pili wengi hawaijui, wala si ajabu, kwa kuwa hata katika nchi za Ulaya ilisahauliwa kwa karne nyingi.

Basi tusikilize habari za kale. Yapata mwaka 155, Mtakatifu Yustino, mwalimu aliyekaa Roma na kuuawa baadaye kwa ajili ya imani, alimwandikia Kaisari kumweleza mambo ya Wakristu. Katika kueleza Ubatizo alisema kwamba wanaotaka kubatizwa hufundishwa kusali na kufunga, na kwamba Wakristu wenyewe husali na kufunga pamoja nao. Liangalieni sana neno hilo “pamoja nao”. Hakusema ya kuwa wakatekumeni hufunga, na Wakristu hukaa pembeni wakiwatazama. Miaka 50 hivi baadaye Tertuliano, mtu wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya Ubatizo. Humo alifundisha kwamba siku iliyo bora ya kubatiza ni Pasaka, na ya kuwa wanaoukaribia Ubatizo hawana budi kusali mara nyingi, kufunga na kukesha. Mwaka 325, Maaskofu walipokutana Nisea, walikwisha kuitaja Kwaresima kwa jina lake la siku arobaini. Na Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha mwenye elimu kuliko wengi, alitoa jina lake huko Milano, akaketi kufundishwa kama wengine, akabatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387.

Lakini habari iliyotugusa kuliko zote ni ya mwanamke msafiri, jina lake Egeria, aliyefika Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384, akaandika yote aliyoyaona. Asema kwamba mwanzo wa Kwaresima kiti cha Askofu kiliwekwa katikati ya kanisa kubwa, na wale waliotaka kubatizwa Pasaka waliletwa mmoja mmoja mbele yake, kila mmoja na msimamizi wake. Ndipo Askofu alipowauliza majirani. Aliwauliza kama mtu huyu ana mwenendo mwema, kama awaheshimu wazazi wake, kama si mlevi wala mwongo. Majirani wakimshuhudia vema, Askofu aliliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Wakimshitaki, aliambiwa atoke, ajirekebishe kwanza, ndipo aje kwenye maji ya Ubatizo. Na mgeni asiye na watu wa kumshuhudia, Egeria aandika, hakupata Ubatizo kwa urahisi.

Walimu wenzetu, angalieni lilitangulia lipi. Siku ile ya kuandika majina haikuwa siku ya kumwuliza mtu sala alizozishika kichwani. Kwanza waliulizwa wanaokaa naye mlango kwa mlango, wanaochota maji kisima kimoja naye na kusikia maneno yake usiku anapogombana na mkewe. Kanuni ya Imani ilifuata baadaye, wiki kwa wiki, mpaka aikariri mbele ya Askofu.

Baadaye mataifa mazima ya Ulaya yaliingia katika Kanisa, watoto wakabatizwa wakingali wachanga, na wakatekumeni wakatoweka huko. Kwaresima ikabaki na majivu, kufunga na kitubio, ambavyo ni vitu vitakatifu. Walakini wale ambao Kanisa lote lilikuwa likifunga pamoja nao hawakuwapo tena.

Huku kwetu mambo yalianza kwa njia ile ya kale. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulipita hapo hapo kuelekea bara. Mwaka 1879 wenzao walikwisha kufika Ujiji na Buganda. Mkuu wao, Askofu Lavigerie wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa akiishi katika nchi ambayo zamani ilikuwa na Maaskofu mamia, kisha Ukristu wake ukazimika kabisa. Akaogopa haraka. Akaamuru kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa miaka minne. Wazee wetu waliiona miaka hiyo kuwa mirefu. Wengine waliacha njiani, na wengine walibatizwa wakiwa mahututi kitandani. Lakini waliomaliza waliujua mzigo waliouchukua.

Huko Buganda Wakatoliki wa kwanza walibatizwa tarehe 27 Machi 1880, nayo ilikuwa Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Mwaka 1882 Mapadri walilazimika kuondoka, wasirudi mpaka 1885. Katika muda huo wote hapakuwa na Padri, hapakuwa na Misa wala kitubio. Je, imani ilikufa? Iliongezeka, maana waliobatizwa waliketi na wakatekumeni wakafundishana. Huko Mityana, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali aliyekuwa mfinyanzi, walilikusanya kundi la watu na kulitunza. Na usiku ule kabla ya hukumu, Mei 1886, Karoli Lwanga, kijana asiye Padri, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, mmojawapo akiwa mtoto Kizito. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto Namugongo. Hatusomi popote kwamba waliobatizwa zamani walijitenga siku ile na waliobatizwa jana. Papa Paulo VI aliwatangaza wote kuwa Watakatifu mwaka 1964.

Hata Roma iliirudia njia ile. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba Kwaresima ina mambo mawili, kukumbuka au kutayarisha Ubatizo na kufanya kitubio, ukaagiza kuwa ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake. Na mwaka 1972 kilitolewa kitabu cha ibada zake. Twajua ya kuwa misioni za Afrika, ambazo hazikukosa wakatekumeni, zilisaidia katika kuyafungua macho ya wataalamu hao. Na tuseme hivyo bila majivuno, kwa kuwa yafuatayo si ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha huku kwetu magharibi mwa Tanzania, palikuwa na mzee mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, katika wakatekumeni wa mwisho. Hakuna aliyezijua sala kama yeye. Amri za Mungu alizitaja bila kusita, na Nasadiki aliisema kama maji yatiririkayo. Dominika ya kwanza ya Kwaresima ikafika, nayo ndiyo siku ya kuandika majina. Padri akawauliza watu kama wana neno juu ya hao wateule. Kimya. Kisha akasimama mjane mmoja, wala si Mkristu, aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake. Akasema: “Baba, sina neno juu ya sala zake. Neno langu ni juu ya mahindi yangu.”

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Februari, kihenge chake kilipokwisha, mama huyo alikopa kwa mzee debe moja la mahindi. Wakati wa mavuno alilipa madebe matatu.

Jina la mzee halikuandikwa siku ile. Alikasirika sana, akakaa nyumbani siku mbili bila kusema na mtu. Siku ya tatu alfajiri alionekana akisukuma baiskeli yenye debe kwenda kwa mjane, na jioni alionekana tena na la pili. Padri akaliandika jina lake, akabatizwa usiku wa Pasaka pamoja na wenziwe.

Hadithi hii wengi huipenda, nao huikomesha hapo. Lakini kijiji kizima kilijua ya kuwa biashara ile ile ya debe kwa madebe ilifanywa na watu watatu waliobatizwa zamani, ambao siku ile waliketi katika viti vya mbele. Hakuna aliyewauliza neno. Majina yao yalikwisha kuandikwa katika daftari la parokia miaka mingi nyuma. Wawili katika hao hawakuonekana kanisani Dominika mbili zilizofuata, labda kwa kuona haya, labda kwa hofu ya kuwa mjane yule atasimama tena. Mkatekumeni huulizwa, aliyebatizwa nani amwulize?

Swali hilo ndilo tuliloliletea jubilei hii, nasi twaomba ruhusa ya kulikalia kidogo.

Ninyi mnaijua nchi yetu. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na mavuno huja Mei na Juni. Kwaresima haianzi kabla ya tarehe 4 Februari, wala Pasaka haipiti tarehe 25 Aprili. Kwa hiyo Kwaresima yetu huangukia miezi ya kupalilia, vihenge vikiwa vitupu au vimebaki na nafaka ya mbegu na vumbi. Katika nchi zile ambako sheria za kufunga zilitungwa, mtu alishiba siku zote, akahitaji kuambiwa ajinyime. Kwetu mtu aweza kuwa amefunga tangu Januari bila kuambiwa na Padri. Kumkataza nyama siku ya Ijumaa mtu ambaye nyama huiona Noeli na Pasaka ni kama kumkataza asiye na ng'ombe asikamue.

Je, basi sheria ni ya bure? Sivyo. Sheria ya Kanisa, kama Papa Paulo VI alivyoitengeneza mwaka 1966, na kama ilivyoandikwa katika kitabu cha sheria cha mwaka 1983, ni nyepesi: kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa aliyetimiza miaka 18 mpaka aanzapo mwaka wake wa 60, na kutokula nyama Ijumaa, kwa aliyetimiza miaka 14. Mgonjwa halazimishwi, wala mama anyonyeshaye, wala mwenye njaa asiye na chakula cha kutosha. Walimu wenzetu, yafundisheni mambo haya kwa usahihi, kwa maana tumesikia akina mama wajawazito wakijitesa kwa kudhani ni dhambi kula. Tena wapo wenye kushiba ambao wameshika wepesi wa sheria na kuacha maana yake.

Maana yake tunaipata kwa Mkristu mmoja wa Roma wa karne ya pili, jina lake Herma, ambaye kitabu chake kilisomwa sana na wazee wa Kanisa. Humo aliagizwa kwamba siku ya kufunga ale mkate na maji tu. Kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na kiasi hicho ampe mjane, au yatima, au mtu mwenye shida. Kwa hiyo mfungo wa kale haukuwa njaa tu. Chakula kilichoachwa kilikuwa na mtu wa kukila. Na nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuwakemea waliofunga na huku wakiwasumbua watumishi wao. Akawaonyesha mfungo umpendezao Mungu, ndio kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula.

Sasa tazameni. Mtu ana mahindi katika Kwaresima. Jirani yake hana. Mwenye nayo afunga Ijumaa, afuata Njia ya Msalaba kituo kwa kituo, apiga magoti, tena asali kwa sauti. Jioni jirani abisha hodi, naye ampimia debe moja na kuandika matatu. Au ainunua nafaka ikingali shambani, mahindi yakiwa hayajatoa hata mbelewele, kwa bei aitakayo yeye, akijua ya kuwa mwenye shamba hana la kukataa kwa sababu watoto wanalia. Mtu huyo amefunga kweli. Ila chakula alichokiacha kimezaa faida.

Wengine watasema: ni mapatano, mkopaji alikubali mwenyewe, na mwenye mahindi naye aliyanunua kwa fedha. Twajua maneno hayo, na hatusemi ya kuwa kila biashara ya nafaka ni dhambi. Anayenunua wakati wa mavuno kwa bei ya haki, akatunza, akapoteza nyingine kwa fukusi na panya, apaswa kupata faida ya kazi yake. Lakini kuuza kwa faida ya haki ni jambo moja, na kuifanya njaa ya mwenzako kuwa shamba lako ni jambo jingine. Kanisa halikulizua neno hili leo. Limo katika sura ya 25 ya kitabu cha Mambo ya Walawi, nayo ndiyo sura ile ile iliyotupa neno jubilei.

Hapo twaomba mtusikilize vema, maana tumekwisha kuliimba neno jubilei tangu asubuhi. Katika sura ile Mungu awaagiza Waisraeli kuutakasa mwaka wa 50. Pembe ilipigwa nchi yote. Kila mtu alirudi kwenye shamba la baba zake lililouzwa kwa shida. Na ndugu aliyejiuza kwa umaskini alikwenda zake huru pamoja na watoto wake. Na kabla sura haijaisha, Mungu ataja ndugu aliyeanguka katika umaskini, akataza kumtoza riba ya fedha, tena akataza kwa jina lake kumpa chakula kwa kutaka faida. Haikosi sababu ya mambo hayo kuwekwa pamoja. Watu hawakuuza mashamba na miili yao kwa siku moja. Walianza kwa debe moja.

Mkituuliza ni jambo gani la kufanya, tutawaeleza linalofanyika tayari katika vigango vichache, wala si jambo kubwa. Kila nyumba iliyo na chakula huweka kando kibaba kimoja cha mahindi au cha unga siku ya Majivu na kila Ijumaa ya Kwaresima. Kabla ya Dominika ya Matawi zipo Ijumaa sita; pamoja na Jumatano ya Majivu ni siku saba, basi ni vibaba saba kwa nyumba. Kibaba kimoja hakionekani katika chungu cha watu wanane. Lakini nyumba 40 zikifanya hivyo, ni vibaba 280, na vibaba vinne ni pishi moja, basi ni pishi 70. Wazee wa kanisa pamoja na walimu huzigawa Jumamosi kabla ya Matawi kwa wajane, wagonjwa na wale ambao mashamba yao yalichukuliwa na maji, bila kuuliza dini ya mtu. Nyumba isiyo na chakula haidaiwi kitu, hupokea. Kuna mzee mmoja aliyepinga, akisema ni aibu Mkristu kupokea mbele ya watu. Akajibiwa na mkewe ya kuwa aibu iko katika kulipa madebe matatu.

Juu ya wakatekumeni, jambo lenyewe ni hili. Siku ya Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, mwalimu hufundisha, na desturi ni kwamba waliobatizwa hutoka wakaenda zao, wakabaki wakatekumeni peke yao na mwalimu. Wasitoke. Waketi pamoja nao. Tangu utaratibu wa masomo uliotolewa mwaka 1969, Kanisa limeturudishia Injili tatu za Yohane zilizotumiwa zamani kuwatayarisha wateule, nazo ni kwa Dominika ya tatu, ya nne na ya tano: mwanamke Msamaria kisimani, mtu aliyezaliwa kipofu, na Lazaro. Mahali palipo na wateule zaweza kusomwa kila mwaka. Injili hizo zafaa kuliko maelezo mengi ya mwalimu.

Yule mwanamke alikuja kuchota maji, Bwana akazungumza naye juu ya maji ya uzima, naye akafurahi kusikia. Kisha Bwana akamwuliza habari za nyumbani kwake. Hapo ndipo mafundisho yanapokuwa magumu, kwa mkatekumeni na kwa aliyebatizwa pia. Tena hakukimbia. Alirudi mjini akawaita watu wa mji wake, ambao walizijua habari zake zote.

Kipofu naye alipoanza kuona, waliosema kwanza ni majirani. Walibishana kama ndiye yule aliyekuwa akiketi na kuomba, au ni mtu mwingine anayefanana naye. Twapenda sana kituo hiki. Mtu akibatizwa kijijini kwetu, au akitoka katika kitubio cha kweli, yafaa majirani wabishane juu yake hivyo, kama ndiye au siye. Wasipobishana, Pasaka yake ina shaka.

Na Lazaro aliitwa na Bwana, akatoka kaburini kwa nguvu za Bwana peke yake, mtu hakumsaidia. Lakini alitoka amefungwa sanda mikono na miguu, na kazi ya kumfungua Bwana aliwaachia watu waliosimama pale. Aliwaamuru wao wamfungue, wamwache aende. Bwana angaliweza kuzikata sanda zile kwa neno moja. Mkatekumeni anayetoka katika maji ya Ubatizo hutoka hai, naye hukuta mikono yake bado imefungwa kwa deni, au kwa ugomvi wa mipaka ya shamba, au kwa mahari ambayo mkwewe anaizidisha kila mwaka. Padri hawezi kuyafungua hayo. Wenye kamba ni sisi tuliosimama pale.

Turudi kwenye swali letu, nani amwulize aliyebatizwa. Kanisa lina jibu. Mwaka 1951 Papa Pio XII aliirudisha ibada ya Mkesha wa Pasaka usiku, maana kwa miaka mingi ilikuwa ikifanywa Jumamosi asubuhi jua likiwaka, na mishumaa haina kazi. Ndani ya ibada hiyo aliweka jambo jipya: Wakristu wote, wakishika mishumaa, waulizwe tena maswali ya Ubatizo wao na kujibu kwa midomo yao wenyewe. Basi usiku ule mzee aliyebatizwa miaka 50 iliyopita na kijana anayebatizwa sasa waulizwa maswali yale yale: kama wamkataa Shetani, na kazi zake. Wengi hujibu haraka kwa sababu usiku umekwenda na watoto wanasinzia. Siku 40 zimewekwa mbele ya swali hilo ili mtu apate nafasi ya kulitafuta jibu lake mapema, kihengeni mwake na katika daftari la madeni, kabla mshumaa haujawashwa.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Baba Askofu na Mapadri wetu, walimu tumepatana hivi kwa Kwaresima ijayo. Majina ya wateule yatasomwa Dominika ya kwanza katika kila kigango, na majirani wataulizwa, Wakristu na wasio Wakristu. Wasimamizi wa Ubatizo watakuja darasani kila Ijumaa pamoja na watoto wao wa kiroho, wala si usiku wa Pasaka tu wakiwa na nguo mpya. Makapu yatawekwa mlangoni mwa kanisa tangu Jumatano ya Majivu, makapu makubwa, yasiyo na kifuniko. Na Mkristu aliyekopesha nafaka kwa namna ile tuliyoitaja aende kwanza kwa mwenziwe kabla ya kwenda kuungama. Mapadri wamesema ya kuwa watamwuliza.